Kabla haujapiga foto ya jirani yako

Wandugu, vijana wenzetu wa Kitshanga, wa Mweso, wa Masisi, wa Goma na popote pale vita ilipotutawanya,

Kuko filamu moja inayozunguka kati yetu, kwa telefone na kwa kompyuta, juu inazungumuzia kwetu. Inaitwa Episode III: Enjoy Poverty, maana yake Sehemu ya Tatu: Furahia Umasikini. Aliitoa mwaka 2008 msanii wa Uholanzi, Renzo Martens. Sehemu ya kwanza aliipiga Chechnya, ikatoka 2003. Hii ya tatu aliipiga hapa Congo, na kipande kinachotuuma sisi zaidi kinahusu wapiga picha wa Kanyabayonga, pale pale kwa majirani zetu wa Lubero na Rutshuru.

Wengi wenu mumeandika kwamba filamu hii ni ya kweli sana, kwamba huyu muzungu alisema wazi mambo ambayo sisi tunasema chini chini. Mimi ninasema: ni kweli, lakini ni nusu. Na ile nusu inayokosa ndiyo inayotuhusu sisi. Ndiyo maana filamu ilinikatisha tamaa, na ndiyo maana ninawaandikia.

Hadithi yenyewe ni hii. Wale wapiga picha wa Kanyabayonga ni vijana kama sisi. Wanaishi kwa kupiga picha za arusi, za batizo, za sikukuu. Makuta wanayopata ni kidogo sana. Martens anawakusanya, anawafanyia hesabu mbele yao: foto ya arusi inalipa nini, na foto ya mutoto mwenye kukonda, ya mama aliyebakwa, ya maiti, inalipa nini kwa wale wanaotoka Ulaya. Anawaambia umasikini ni mali ya Congo, kama vile dhahabu ao koltani, na kwamba mali hiyo wageni ndio wanaichimba. Basi na ninyi muichimbe! Anawafundisha namna ya kumukaribia mutoto mugonjwa, namna ya kuchagua yule anayeonekana vibaya zaidi. Halafu anawapeleka kwa MSF kuomba ruhusa ya kupiga picha hospitalini na kuziuza. Wanakataliwa. Hawana kadi ya uandishi wa habari, foto zao hazionekani kuwa nzuri, na wanaulizwa kama si makuta tu wanayotafuta. Mpango unaanguka. Vijana wanarudi kwa arusi zao. Msanii anaendelea na safari yake, na maandishi yake ya taa za buluu kwenye maboksi.

Tuanze na kile alichokiona sawa. Aliona kwamba kwenye biashara ya foto za mateso, yule anayepigwa hana kitu, na jirani yake mwenye kamera hana kitu pia. Mwenye kupata ni yule anayekuja na ndege na kurudi na ndege. Aliona kwamba mulango uliofunguka kwa mugeni unafungwa kwa mwenyeji, hata kama wote wawili wanataka kupiga mutoto yule yule. Hiyo tunaijua. Watu wa Mungote walisema zamani, kwa luga yetu ya kila siku: banakuya, banapika mafoto, banaenda.

Lakini angalieni kamera ya filamu inaelekea wapi. Mwisho wa yote, sura tunayoikumbuka ni ya Martens mwenyewe, na kofia yake ya majani. Wapiga picha wa Kanyabayonga, nani kati yetu anakumbuka jina la mumoja wao? Na wale watoto waliopigwa wakati wa mafunzo, mama zao walisema nini? Filamu haina nafasi yao. Wenye kumutetea wanasema: alifanya vile kusudi, ni kioo, alitaka muzungu mwenzake ajione namna anavyofanya. Sawa. Lakini kioo hicho kilitengenezwa kwa mwili wa mutoto wa nani? Kama ninaiba mbuzi wa jirani ili kuonyesha kijiji kwamba wizi uko mubaya, jirani hana mbuzi hata hivyo.

Na kuko kosa la pili, kubwa kuliko la kwanza. Filamu yote inakubali bila kuuliza kwamba foto ya arusi ni kazi ya bure. Kwamba njia ni mbili tu: ubaki na arusi zako na njaa, ao uingie kwenye biashara ya maiti. Hapo ndipo mimi ninakataa kabisa.

Ukiwa mutu wa Kitshanga, unajua foto ya arusi ni nini. Mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 2013, wakati jeshi la serikali na APCLS walipigana katikati ya muji, watu kwa makumi waliuawa na manyumba kwa mamia yaliungua. Pamoja na mbao na mabati, yaliungua maalbamu. Kuko familia kwetu ambazo zilifanya kilio bila hata foto moja ya kuweka juu ya meza. Kuko watoto waliokua bila kujua sura ya baba yao. Siku ile, foto ambayo ilikosekana haikuwa ya vita, juu hizo zilikuwa nyingi, zilienda kwenye magazeti. Foto iliyokosekana ni ile ya baba amevaa koti ya kuazima siku ya ndoa yake, inayopigwa na kijana wa hapa kwa franka kidogo. Yule kijana alikuwa anatunza kumbukumbu ya muji muzima na hakuna aliyemuita msanii.

Sasa tujiongelee sisi, juu filamu ya 2008 ilikuwa wakati wa kamera, na leo kila mutu yuko na telefone.

Tangu M23 walipoingia Kitshanga mwisho wa Januari 2023, watu wetu walikimbia, wengine Mweso, wengine Sake, wengine mpaka makambi ya pembeni ya Goma, Bulengo, Lushagala na kwingine. Kisha Goma nayo ikachukuliwa Januari 2025, na mwezi uliofuata makambi yakavunjwa, watu wakarudishwa barabarani. Katika hiyo safari yote, nani alikuwa anawapiga video? Wageni walikuwa wachache. Tulikuwa sisi. Vijana wa kwetu. Mama anabeba godoro kichwani, mutoto mugongoni, anaanguka kwenye matope, na kijana mwenye diplome anainua telefone. Jioni video iko TikTok, na musiki wa huzuni juu yake. Maoni yanakuja, mioyo inakuja, wafuasi wanaongezeka. Kuko hata wenye kuandika namba ya kutumia makuta chini ya video, na yule mama hajui kama iko, wala hajapata hata mia.

Yale ambayo Martens aliwafundisha vijana wa Kanyabayonga kwa siku chache, sisi tumejifundisha wenyewe bila mwalimu. Tumekuwa wapiga picha wake, na telefone muzuri zaidi.

Ninajua kwa nini. Mimi niko na lisanse, na kazi sina. Kazi ambayo imenifikia mara nyingi tangu nimalize universite si ile niliyosomea. Ni kuongoza wageni wenye kamera: kutafsiri, kubeba mufuko, kutafuta mutu wa kuongea. Wengi wenu munafanya hiyo hiyo. Shomeri mwenye kujua Kifaransa, Kiswahili na luga ya kijiji ni mali kwa mugeni. Analipwa kwa siku, na siku ile familia inakula. Simuhukumu mutu kwa ajili ya hiyo. Lakini tuseme wazi kile tunachouza. Tunauza imani ambayo majirani wako nayo kwetu. Mulango wa mama unafunguka juu anakujua wewe, mutoto wa fulani, si juu ya kamera.

Siku moja, shirika ambalo sitalitaja liliomba nitafute mama mwenye watoto wengi kwenye kambi, wa kupiga foto. Nilipata mama mumoja, akakubali. Tulipofika, alikuwa amewaogesha watoto, amewapakaa mafuta, amewavalisha nguo za Jumapili, zile alizokimbia nazo. Mwenye kamera alitazama, akaniambia: muombe awavalishe zile za kila siku. Nilitafsiri vile alivyosema. Mama aliniangalia mimi, hakumuangalia yeye. Akasema: «Foto ni ya kuvala muzuri, mwanangu. Haya mengine si foto, ni kutusengenya.» Akawachukua watoto wake akaingia ndani. Hakupata kitu. Mwenye kamera alienda kwa nyumba iliyofuata, na kule alipata alichotaka kwa dakika kumi.

Yule mama alisema kwa maneno machache kile ambacho filamu ya saa moja na nusu haikufika kukisema. Foto ni ya kuvala muzuri. Yaani: mimi ndiye ninaamua namna gani nitaonekana kwa watu nisiowajua. Akiwa hana nyumba, hana shamba, hana mbuzi, hicho kilikuwa kitu cha mwisho alichobaki nacho. Na tulikuwa tumekuja kukichukua hicho pia.

Najua mutasema nini. Mutasema: tusipopiga, dunia haitajua. Watu wataendelea kuuawa gizani. Ni neno la nguvu, na harakati yetu haiwezi kulipuuza.

Basi turudi nyuma kidogo. Mei 1904, kwenye misioni ya Baringa, kule Ekwatere, alikuja baba mumoja. Walinzi wa kampuni ya mpira walikuwa wamemuua binti yake. Alibeba kile kilichobaki, mukono na muguu, vimefungwa kwenye majani. Mwingereza mumoja, mumisionari Alice Seeley Harris, alimuomba akae kwenye baraza, akapiga foto. Foto ile ilionyeshwa kwenye mikutano Uingereza na kwingine, na ilisaidia kampeni iliyomubana mufalme Leopold mpaka mwaka 1908 Congo ikatoka mikononi mwake ikaenda kwa serikali ya Ubelgiji. Kwa hiyo ni kweli, foto inaweza kusukuma kitu.

Lakini angalieni: zaidi ya miaka mia moja imepita, na tunajua kwamba baba yule aliitwa Nsala, wa kijiji cha Wala. Tunajua kwamba binti yake aliitwa Boali. Tunajua nani aliua na kwa ajili ya nini. Nsala alikuja mwenyewe, alikuwa anatafuta wa kumusikia, na alikuja na mashitaka. Ile foto ni ushahidi. Linganisheni na mutoto wa kwenye karatasi ya kuombea makuta: hana jina, hana kijiji, hana aliyemutendea, hana tarehe. Ana macho tu. Ushahidi unajibu nani, wapi, lini, nani alifanya. Biashara inaonyesha machozi na kufunga mulango.

Hata ripoti ya Mapping ya Umoja wa Mataifa, iliyotoka Oktoba 2010 na kuandika matukio 617 ya kati ya 1993 na 2003, haikujengwa kwa video za TikTok. Ilijengwa kwa mashahidi zaidi ya elfu moja, walioulizwa, walioandikwa, na ambao majina yao yalifichwa ili wasiuawe. Kama wahalifu bado wanatembea, kosa si la foto kukosa. Foto tuko nazo. Kinachokosa ni korti na utashi wa kisiasa, na hiyo haitakuja kwa kuongeza video ya mama anayelia.

Na hapa kwetu leo kuko jambo lingine, zito. Foto inaweza kuua. Ukipiga uso wa mutu anayesimulia kilichotokea kijijini kwake, na ukaiweka hewani, wewe uko salama mahali, yeye anarudi kulala pale pale, mbele ya wale aliowataja. Video yako ya sekunde thelathini inakuwa hati ya kumukamata. Sisi tunajua gharama ya kusema. Msanii Idengo, aliyekuwa anaimba bila kuogopa mukubwa yeyote, aliuawa kwa risasi Goma tarehe 13 Februari 2025. Yeye alichagua mwenyewe kusimama mbele ya watu. Jirani yako kwenye foleni ya maji hajachagua kitu.

Wasanii wa Goma waliliona hili mbele yetu. Mwaka 2020 ilitoka filamu Stop Filming Us, ya Muholanzi mwingine, Joris Postema, aliyekuja Goma na kukuta vijana wa sanaa wanamuuliza usoni: kwa nini wewe? Hawakuishia kuuliza. Mwaka 2022 Bernadette Vivuya na Kagoma Ya Twahirwa walitoa jibu lao, Stop Filming Us But Listen, maana yake muache kutupiga filamu, lakini musikilize. Hiyo ndiyo tofauti na Kanyabayonga ya 2008. Wale hawakuomba kadi ya kuingia kwenye biashara ya watu wengine. Walishika kamera kusema chao.

Na tuwe wa haki kwa Martens pia, juu hakusimama pale. Baadaye alifanya kazi Lusanga, kule Kwilu, kwenye mashamba ya zamani ya mawese ya Unilever. Wafanyakazi wa mashamba walijiunga katika chama chao, CATPC, wakachonga sanamu, sanamu zikatengenezwa kwa chokoleti na kuuzwa ngambo, na kwa makuta hayo wakanunua tena sehemu ya udongo wa mababu zao. Mwaka 2024 walionyesha kazi zao Venise katika nyumba ya Uholanzi. Mutu anaweza kubishana na mambo mengi ndani ya hiyo. Lakini swali limebadilika: mwishoni kuko udongo, uko kwa jina la wenyeji. Hilo ndilo swali ambalo filamu ya Kanyabayonga haikuuliza, na sisi lazima tuulize kila mara telefone inapoinuka: mwishoni, nini kinabaki kwa aliyepigwa?

Kwa hiyo, ninapendekeza harakati yetu ijiwekee sheria, na tuanze na sisi wenyewe mbele ya kuwaambia wageni.

Uliza mbele ya kupiga, kwa luga ya mutu, na umuambie itaenda wapi. Akikataa, weka telefone mufukoni na umusalimie vile ulivyomukuta. Kukataa si uadui.

Uso wa mutoto, wa aliyebakwa, wa maiti, usitoke kwenye ukurasa wetu. Kamwe. Hata kama picha ina nguvu. Kama ni ushahidi, uandike tarehe, mahali, kilichotokea, na uupeleke kwa wenye kuutunza, si kwa umati.

Rudisha foto. Mutu aliyekupa sura yake ana haki ya kuiona na kuwa nayo. Karatasi moja iliyochapwa kwa franka kidogo inamuheshimu zaidi ya maoni elfu kumi.

Kama kuko makuta, mutu aliyepigwa ajue na apate. Tukiomba musaada kwa jina lake, hesabu isomwe mbele yake.

Kwa mashirika tunasema: kwetu kuko wapiga picha. Wako kwenye soko, kwenye arusi, kwenye milango ya kanisa. Muwape kontra, musiwape kubeba mufuko tu. Na mukisikia mama anataka kuvalisha watoto wake muzuri, mupige hivyo.

Kwa serikali ya Kinshasa tunasema jambo moja. Uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 haukufika Masisi wala Rutshuru. Karte ya mupiga kura ndiyo kitambulisho cha Mukongomani, na juu yake kuko foto. Hiyo ndiyo foto ambayo leta iko na deni ya kutupiga. Kamera za vilio zilitufikia mara mia, ile ya uraia haikufika. Tunaidai. Mutu akaushwe uso wake siku ya kuwa raia, si siku ya kukimbia tu.

Na kwa wewe kijana mwenye telefone: jumamosi kama kuko arusi kwenye avenue yenu, hata ndogo, hata ya watu waliokimbia, nenda ukaipige. Piga bibi arusi, piga wazee, piga wapishi na masufuria yao. Uandike majina nyuma. Halafu uwape, na uweke nakala mahali ambapo moto hautafika.

Mwanachama, Kitshanga